SHEFFIELD, MJI WA VISU: SAFARI YA KUTAFUTA KISU CHA MAWINDO



Katika miji hii ya Uingereza tunamoishi, neno kisu limekuwa neno la msiba. Tunalisoma magazetini, tunalisikia shuleni kwa watoto wetu, na kila mama mwenye kijana wa kiume hulitaja usiku katika dua zake. Hata hivyo sisi ni watu tuliolelewa na kisu kama chombo cha riziki. Mgema alikuwa na kotama yake, mvuvi alikuwa na kisu cha kupasulia samaki, na mchinjaji alikuwa na chake ambacho hakikuguswa na mtu mwingine. Kila chombo kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikijua kilipolala.

Sasa limezuka jambo jipya miongoni mwetu. Baadhi ya ndugu wamepata vibali vya bunduki na ruhusa za wenye mashamba, nao wameanza kwenda mawindoni. Nyama ya porini, ambayo wengi wetu tuliionja mara ya mwisho Lindi, Bagamoyo au kando ya mto Tana, imerudi katika sufuria zetu, tena imechinjwa au kuwindwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Pamoja na furaha hiyo limekuja swali ambalo huulizwa kila tukutanapo: tununue kisu gani? Madukani vimepangwa vya kila namna, vingine vina meno mgongoni mithili ya mamba, na bei zake ni za kushangaza.

Kwa hiyo tuliona heri twende kulitafuta jawabu penye shina lake. Familia nne tulikodi gari moja Manchester, tukafunga vyakula vyetu, tukaelekea Sheffield, mji ambao jina lake limechongwa katika vyuma vya jikoni dunia nzima.

NJIA YA MLIMANI

Yapo mabarabara makuu ya kufika Sheffield kwa haraka, lakini sisi tulichagua njia ya mlimani ipitayo Hathersage. Njia hiyo hukatiza Peak District, hifadhi ya taifa iliyokuwa ya kwanza kutangazwa nchini Uingereza, mwaka 1951. Ni nchi ya majani ya rangi ya kahawia, upepo usiokoma na majabali marefu yaliyosimama kama ukuta wa ngome.

Chini ya majabali hayo tuliona jambo lililotustaajabisha. Mawe makubwa ya mviringo, kila moja na tundu lake katikati, yamelala katika majani kama magurudumu ya gari lililovunjika. Hayo ni mawe ya kusagia, yaliyochongwa papo hapo mlimani, yakaachwa pale biashara yake ilipokufa. Jabali la upande huu ni la mchanga mkali ulioshikamana, na katika jabali la jamii hiyo hiyo yalichongwa pia mawe ya kunolea. Hapo tukafahamu sababu ya kwanza ya mji wa visu kuwa mahali ulipo: kinoo chake kilikuwa mlango wa jirani.

Mbele kidogo ni Longshaw, ambapo watawala wa Rutland walijenga nyumba yao ya mawindo katika karne ya 19. Karibu na hapo, katika nyika iitwayo Big Moor, huishi kundi la wanyama wakubwa wekundu wenye pembe za matawi. Wengi wetu huwaita kulungu, ingawa kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine. Basi na tuwaite kulungu wekundu. Tuliwaona kwa mbali, majike saba na dume moja, wamesimama wakitutazama. Watoto walinyamaza wote, jambo ambalo ndani ya gari halikupata kutokea tangu Manchester.

Ni vyema kuwajua wanyama hawa kabla ya kuzungumzia kisu. Uingereza ina jamii sita za kulungu wa porini. Wenyeji wa asili ni wawili, yaani huyo mwekundu na mdogo aitwaye roe. Wengine wanne waliletwa na watu. Dume jekundu laweza kufikia kilo 190, na roe mara nyingi hazidi kilo 25. Kwa kuwa mbwa mwitu walikwisha kumalizwa zamani katika nchi hii, hakuna mnyama wa kuwapunguza, nao wakizidi hula miche ya misitu na mazao ya wakulima. Ndiyo maana sheria huruhusu wawindwe kwa misimu yake. Mwindaji wa roe na mwindaji wa dume jekundu hawabebi mzigo mmoja wa vyombo, na hili tutalirudia.

MITO MITANO NA GURUDUMU MOJA

Sheffield imekaa katika mabonde. Mito mitano, Don, Sheaf, Porter, Loxley na Rivelin, huteremka kutoka milimani na kukutana mjini. Huo mto Sheaf ndio uliompa mji jina lake. Maji yateremkayo kwa kasi huzungusha gurudumu, na gurudumu huzungusha kinoo. Kabla ya enzi ya mvuke palikuwa na mahali zaidi ya mia moja palipofungwa magurudumu ya maji kando ya mito hiyo, na mengi yalikuwa ya kunolea visu. Sifa ya mji ni kongwe: mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alimvika mmoja wa wahusika wake kisu cha Sheffield. Mwaka 1624 Bunge liliunda chama cha wafua visu wa eneo hilo, nacho kipo hadi leo na jumba lake la mwaka 1832 limesimama kulielekea kanisa kuu.

Katika jumba hilo imehifadhiwa ajabu moja: kisu chenye bapa 75, kilichotengenezwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini ni kazi ya kutazamwa. Mtu akikipeleka porini hatajua aanzie bapa lipi.

Sisi tulikwenda Shepherd Wheel, kando ya mto Porter, ndani ya bustani yenye miti mirefu. Ni kibanda cha mawe, na nje yake gurudumu kubwa la maji. Mahali hapo palinolewa visu tangu karne ya 16 hadi mwaka 1930, na sasa pamefanywa makumbusho. Ndani ni giza na unyevu. Vinoo vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja na kiti chake cha mbao, na mnoaji aliketi juu ya kiti hicho kama mpanda punda, ameinamia jiwe, kifua karibu kabisa na cheche.

Mzee aliyetuongoza alitueleza habari ambayo haikuandikwa kwenye kisu chochote. Vumbi la jiwe liliingia katika mapafu ya wanoaji likayafanya magumu. Walioumia zaidi ni wale walionoa bila maji, hasa wanoaji wa uma. Wengi wao hawakufika umri wa miaka 40. Watoto waliingizwa katika kazi hiyo wakiwa wadogo. Tulitoka nje kimya, tukasimama kwenye daraja dogo. Tangu hapo hatukuona tena kuwa ni sawa kukitupa kisu ovyo katika mtoto wa meza, kikagongana na vijiko mpaka makali yakafa.

Wala si wao peke yao walioulipia mji huu kwa miili yao. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanaume wengi kutoka Yemen walikuja kufanya kazi katika viwanda vya chuma vya Sheffield, mbele ya matanuri na nyundo kubwa za mashine. Wengi walistaafu wakiwa na masikio mazito kwa sababu ya kelele. Sisi wa pwani, ambao wengi wetu tuna babu au jirani kutoka Hadhramaut, tulihisi kwamba katika habari hiyo tunasikia habari za watu wetu.

FELEJI NA CHUMA KISICHOSHIKA KUTU

Wazee wetu walikuwa na neno feleji, kwa maana ya chuma bora kifaacho upanga. Chuma cha namna hiyo, kilichoyeyushwa ndani ya chungu cha udongo kilichofungwa, kilikuwa kikitengenezwa India, Sri Lanka na Asia ya Kati karne nyingi kabla ya Ulaya kukifahamu. Na mwanafalsafa Al-Kindi aliandika risala juu ya panga na vyuma vyake katika karne ya 9. Sheffield iliifikia njia yake yenyewe katika miaka ya 1740, pale Benjamin Huntsman, fundi wa saa aliyechoshwa na chuma dhaifu cha kutengenezea kamani, alipofaulu kuyeyusha chuma chake katika vyungu. Tanuri la namna hiyo, lililobaki zima, tuliliona Abbeydale, upande wa kusini wa mji.

Kisha mwaka 1913 Harry Brearley, mzaliwa wa Sheffield, alipokuwa akitafuta chuma cha mtutu wa bunduki kisicholika upesi, alipata chuma kisichoshika kutu. Mwanzoni baadhi ya wafua visu walikidharau kwa kuwa kilikuwa kigumu kukifanyia kazi na kukinoa. Leo kimejaa katika kila jiko.

Mwindaji anapochagua, anachagua baina ya hao ndugu wawili. Chuma cha kawaida chenye kaboni nyingi hunoleka kwa urahisi na hupata makali laini kama wembe, lakini damu na umande vikikilalia usiku mmoja, asubuhi kina kutu. Chuma kisichoshika kutu huhitaji subira zaidi mbele ya kinoo, ila huvumilia mvua ya nchi hii na huvumilia kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Kwa watu wa familia, ambao wakirudi mawindoni wana nyama ya kugawa na watoto wa kulaza, sisi tunashauri hicho cha pili.

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Kisu chenye 56 hadi 58 hunoleka upesi hata porini. Kinachopita 60 hukaa na makali muda mrefu, lakini makali yake huweza kumeguka yakigonga mfupa, na kukinoa ni kazi. Muuzaji akisifu namba kubwa tu, muulize pia kitanolewaje.

LILE ALILOLISEMA IMAM NAWAWI

Kabla ya kuingia dukani, tulipumzika tukala, tukaswali Adhuhuri, kisha mmoja wa wazee wetu akatusomesha kidogo. Katika Minhaj, kitabu kinachojulikana na kila aliyekaa mbele ya shekhe Lamu au Unguja, Imam Nawawi ameeleza hukumu ya mwindaji anayemfikia mnyama wake akiwa bado na uhai thabiti. Huyo lazima amchinje. Akifa kabla ya kuchinjwa bila ya kosa la mwindaji, basi ni halali. Lakini akifa kwa uzembe wa mwindaji, mfano hakuchukua kisu, au kisu kimenasa katika ala, nyama hiyo ni haramu.

Tuliitafakari mno habari hii. Mwanachuoni wa Sham, aliyeishi zaidi ya miaka mia saba iliyopita, aliona kwamba ala ya kisu yaweza kuwa mpaka baina ya halali na haramu. Na tunajua pia mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayechinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Basi kuchagua kisu cha mawindo si anasa ya wanaume wapendao vyombo. Ni sehemu ya ibada yenyewe.

Kuhusu mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kufikiwa, wanazuoni wengi wa zama zetu wameruhusu kwa kuwa risasi hupenya na kumwaga damu, endapo jina la Mwenyezi Mungu limetajwa wakati wa kufyatua. Wapo pia waliochukua tahadhari na kukataa. Kila mmoja amwulize shekhe wake kabla ya msimu, asingoje mnyama aanguke.

DUKANI

Duka tulilolichagua ni dogo, na muuzaji wake alikuwa mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Tulipomwambia tunataka kisu cha kutumbulia na kuchunia kulungu, alivipita vile vikubwa vya dirishani, akatoa kisanduku chini ya meza. Sheffield iliwahi kuwauzia Wamarekani visu vikubwa mno viitwavyo bowie, tangu miaka ya 1830, lakini kwa mnyama wa ukubwa wa kulungu, ubapa wa sentimita 9 hadi 11 unatosha. Ndani ya tumbo la mnyama mkono huwa kipofu. Kisu kirefu hufika mahali ambapo jicho halifiki.

Tuligundua haraka kwamba ncha ndiyo inayotenganisha kisu kizuri na kibaya. Ncha inayoteremka taratibu kutoka mgongoni hadi kukutana na makali ni salama, kwa kuwa haichomi kirahisi. Ncha iliyoinuka juu kama jambia hutoboa utumbo au kibofu, na uchafu ukishamwagika nyama imeharibika. Kwa kuchuna, makali yanayopinda kama mwezi mchanga hufaa zaidi, kwa kuwa hufagia baina ya ngozi na nyama bila kuichana.

Baadhi ya visu vina ndoano mgongoni ya kufungulia ngozi ya tumbo. Ndoano hiyo hufanya kazi njema mara chache za mwanzo, kisha hujaa manyoya, na kuinoa kunahitaji kinoo chembamba cha mviringo. Mwenye vidole viwili vizuri haihitaji.

Visu vya kukunja tuliviweka kando. Damu na mafuta huingia katika maungio yake, na hakuna maji yatakayoviosha sawasawa. Kisu cha mawindo kiwe kimoja, na msuka wake, ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini, ufike hadi mwisho wa mpini. Msuka mfupi huvunjika siku unapouhitaji.

Mpini ulituchukua muda mrefu kuliko vyote. Sheffield ina sifa ya mipini ya pembe za kulungu, nayo ni mizuri ajabu. Lakini kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, pembe iliyotoka kwa mnyama aliye hai au asiyechinjwa kisheria ina swali la najsi, na muuzaji hawezi kujua pembe yake imetoka wapi. Mpini wa mpira au plastiki ngumu, wenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza na kikingio kidogo mbele ya kidole, huondoa shaka na huoshwa kwa urahisi. Rangi ya machungwa ndiyo bora. Kisu chenye mpini wa kahawia kikianguka katika majani ya mlimani jioni, ni sadaka kwa mlima.

Tukaja kwenye ala, tukiwa na maneno ya Imam Nawawi masikioni. Ala ya ngozi inapendeza, lakini hunywa damu, na damu iliyomwagika ni najsi. Kisu ulichokiosha hukirudisha katika uchafu wa juzi. Tena ngozi ikilowa huvimba na kukishika kisu. Ala ya plastiki ngumu, yenye tundu chini la kutolea maji, huoshwa ndani na nje. Tulizijaribu moja baada ya moja kwa mkono mmoja, mbele ya muuzaji aliyeshangaa kidogo. Ala ambayo kisu hakikutoka mara ya kwanza tuliirudisha.

KAZI YENYEWE

Ndugu mmoja kati yetu, mwenye uzoefu wa misimu kadhaa, alitueleza namna vyombo hivi vinavyofanya kazi, ili tusinunue kisichohitajika.

Mnyama akishaanguka, mkaribie kwa nyuma, ukiwa tayari. Akiwa na uhai, mchinje mara moja, ukikata njia ya pumzi na njia ya chakula pamoja na mishipa ya damu ya shingo. Akishatulia kabisa, fungua shingo, litenge umio na koo la pumzi, ulifunge kwa uzi imara ili kilichomo tumboni kisirudi. Zunguka kwa kisu sehemu ya haja kubwa, nayo uifunge. Kisha fungua tumbo: kata tundu dogo, ingiza vidole viwili vikiinua ngozi, na kisu kipite baina yake, makali yakielekea juu. Hivyo kisu hukata kutoka ndani kwenda nje, hakigusi utumbo wala hakikati manyoya yakaingia nyamani. Matumbo yote hutoka pamoja, taratibu, bila kuvutwa kwa nguvu.

Hapo acha kisu utazame. Ini, mapafu, bandama na tezi husema kama mnyama alikuwa mzima. Kukiwa na uvimbe au usaha, nyama hiyo isiliwe. Kifua kikuu cha wanyama kipo kwa kulungu wa nchi hii, na akishukiwa lazima wakuu wa afya ya wanyama waarifiwe.

Kwa roe mchanga, kidari hukatika kwa kisu imara. Kwa dume jekundu usijaribu. Chukua msumeno mdogo wa mifupa, kwa kidari na kwa nyonga. Kisu kinachopigwa kwa jiwe kupasua mfupa hufa siku hiyo hiyo, na mara nyingi hukata na mkono.

Kuchuna hufanywa mnyama akiwa amening'inizwa kwa miguu ya nyuma. Ngozi ikiwa bado na joto huachia upesi, na hapo ngumi hufanya kazi kubwa kuliko kisu: kisu hufungua njia, ngumi husukuma. Mchunaji hodari hutambulika kwa kisu chake kukaa kimya. Na kiwepo kisu cha pili, kisafi, kwa ajili ya nyama peke yake. Kile kilichogusa manyoya na utumbo kisiguse nyama. Baridi ya Uingereza hutusaidia, lakini nyama lazima ifike jokofuni na kupoa hadi digrii 7 au chini yake.

Mwenye kuazima kisu cha mwindaji wa wenyeji aulize kwanza kama kimetumika kwa nguruwe mwitu. Kama kimetumika, kwa madhehebu ya Shafi kioshwe mara saba, moja kwa udongo.

KISU NA SHERIA YA NCHI

Hapa tunaomba wazazi wasome kwa makini. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, ni kosa kuwa na kisu mahali pa hadhara bila sababu njema, isipokuwa kile cha kukunja kisichojifunga, chenye ubapa usiozidi inchi 3. Visu vyote tulivyovisifu hapo juu vimo ndani ya katazo hilo. Kwenda mawindoni ni sababu njema, lakini sababu hiyo huanza mlangoni ukienda na kumalizika mlangoni ukirudi. Kisu kilichosahauliwa mlangoni mwa gari tangu Jumamosi hakina sababu siku ya Jumatano. Katika England na Wales ni kosa kumwuzia kisu cha namna hii mtu aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2024 viliharamishwa visu vya kutisha viitwavyo zombie, hata kuwekwa nyumbani.

Kisu na kisafiri katika sanduku lililofungwa, nyuma ya gari, pamoja na kibali cha bunduki na barua ya mwenye shamba. Nyumbani kikae penye kufuli. Askari akikusimamisha, mwambie mapema kilichomo. Sisi wenye ngozi zetu na majina yetu tunajua kwamba si kila mtu husadikiwa kwa neno la kwanza; karatasi ziseme kabla yetu.

Lakini kufuli peke yake haimlei kijana. Kijana anayekijua kisu kwa picha za kutisha tu hukiona ni ushujaa. Aliyefundishwa kukinoa polepole juu ya kinoo kwa pembe ya digrii 20 hivi, akakiosha, akakipaka mafuta, akaambiwa ni wangapi waliokufa vifua vikiwa vimejaa vumbi ili kipate makali, hukiona ni amana. Tuliporudi garini, kijana mmoja wa miaka 15 alimwuliza baba yake kama anaweza kumnolea visu vya jikoni vya mama yake. Hatukununua siku ile kitu chenye thamani kuliko swali hilo.

MUHTASARI KWA ATAKAYE KUNUNUA

1. Visu viwili vya msuka mrefu, visivyokunjika, ubapa wa sentimita 9 hadi 11: kimoja cha kutumbulia na kuchunia, kimoja cha nyama.
2. Ncha inayoteremka, makali yaliyopinda kidogo, chuma kisichoshika kutu.
3. Mpini wa mpira au plastiki, wa rangi inayoonekana.
4. Ala ngumu inayooshwa, inayotoa kisu kwa mkono mmoja.
5. Msumeno mdogo wa mifupa kwa wanyama wakubwa.
6. Kinoo kidogo cha mfukoni, uzi imara, glavu, kitambaa safi na maji.

Vyote hivi vyaweza kupatikana kwa bei ya kiasi. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nasi twaongeza kwamba akila, ale akijua mnyama hakuteswa, nyama haikuchafuliwa, na mtoto wake hakufundishwa ubaya.

Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri, awahifadhi vijana wetu katika miji hii, na awajaalie makali ya mikono yao yawe ya kazi na si ya dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.